Moyo wanienda mbio kila nikikanyaga feri: mazungumzo yatanisaidia nini?

Mvukaji wa Likoni aliuliza:

Assalamu alaikum na hamjambo nyote. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Likoni, Mombasa, na ni karani katika afisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo nimekivuka kivuko kile asubuhi na jioni kwa miaka kumi na mmoja bila ya kukifikiria zaidi ya mtu anavyoufikiria mlango wa nyumba yake. Miezi mitano iliyopita, siku ya Jumatatu, lango lilipofunguliwa na watu wakaanza kumiminika kwenye mteremko, nilihisi moyo umenilipuka kifuani. Pumzi zilinikatika, vidole vikafa ganzi, midomo ikawa kama inayochomwa sindano, jasho jembamba likanitoka, na nikawa na yakini kwamba nakufa pale pale, katikati ya watu wasiolijua hata jina langu. Mama mmoja aliyekuwa na pakacha la maembe alinikalisha kando ya magari, akaipasua ndimu kwa meno, akanipa ninuse. Tulipofika upande wa kisiwani nilikuwa mzima, ila magoti yalitetemeka hadi saa nne.

Nimepimwa presha, nimepimwa damu, nimewekewa nyaya kifuani mara mbili kupimwa umeme wa moyo, na kila mara jibu ni kwamba moyo hauna kasoro. Daktari wa mwisho hakunitazama hata usoni. Aliniambia nipunguze mawazo, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Tangu hapo hali ile imenirudia mara nne kwenye feri, mara moja ndani ya matatu iliyokwama Buxton, na mara moja msikitini nilipokuwa safu ya mbele na sikuona pa kutokea. Siku hizi nazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu hadi Miritini ndipo niingie mjini. Natoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, nafika kazini nimechelewa, na mshahara unaishia katika nauli. Mfukoni sikosi ndimu. Mke wangu anadhani nina jambo ninalomficha. Mamangu anasema nimechezewa. Binamu yangu ananihimiza niende kwa mshauri nasaha, nami swali langu, ambalo naomba lisichukuliwe kuwa ni dharau, ni hili: ikiwa maradhi yenyewe ni moyo unaopiga na pumzi zinazokatika, kukaa kitini na kuzungumza na mtu kutatibu nini?

Mshauri wa Tudor alijibu:

Wa alaikum salaam ndugu yangu, na pole kwa kuhangaika. Kazi yangu ni ushauri nasaha, na swali lako ndilo ambalo wengi huniuliza hata kabla hawajaketi. Kwanza tukubaliane kwamba hukujidanganya: moyo ulikwenda mbio kweli, na ganzi ilikuwa ganzi. Mwili wa binadamu una king'ora chake. Kikilia, ubongo huziamrisha tezi zilizo juu ya mafigo zimwage adrenalini, moyo huongeza kasi ili misuli ipate damu ya kukimbilia au ya kupigania, na pumzi huwa fupi na za haraka. Ukihema namna hiyo ilhali umesimama tu, unaitoa kabonidayoksaidi upesi kuliko mwili unavyoitengeneza, na upungufu huo ndio unaoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Bila shaka umewahi kulisikia gari lililoegeshwa nje likipiga kelele usiku wa manane kwa sababu paka amerukia boneti. King'ora kinafanya kazi sawasawa, na mwizi hayupo.

Sasa tazama kilichofuata, kwani hapo ndipo tiba inapoingia. Moyo ulipoanza kupiga, ulijiambia kwamba unakufa. Fikra hiyo ilimwaga adrenalini nyingine, moyo ukazidi, nawe ukauchukua mpigo ule kuwa ni ushahidi mpya wa kifo. Mshtuko wa hofu wa aina hii kwa kawaida hufika kileleni kwa muda wa dakika kama kumi, kisha hushuka wenyewe hata mtu asipofanya lolote. Wewe hukupata nafasi ya kulishuhudia hilo, maana safari nyingine ulizikimbia na nyingine ulizipita ukiwa umeing'ang'ania ndimu. Kila ulipozunguka Dongo Kundu ukafika salama, ubongo uliandika katika daftari lake kwamba umepona kwa sababu hukupanda feri. Na kwa kuwa yamekupata ndani ya matatu na msikitini, ambako hakuna maji ya kuzama, nashuku kwamba unachokiogopa hivi sasa ni ule mpapatiko wenyewe.

Tiba inayotumika zaidi kwa hali hii ni ya fikra na mienendo, ambayo mizizi yake iko katika kazi ya daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960. Kuzungumza ni sehemu yake tu. Ungekuja kwangu, tungeandika pamoja kile unachokitarajia kutokea na kwa uhakika kiasi gani, halafu tungekijaribu. Ningekuomba upande ngazi za ghorofa tatu mbio mpaka moyo ukupige vile vile kama siku ile, tukae tuusikilize unavyotulia wenyewe. Wiki nyingine ungesimama pale wanapongojea wasafiri bila ya kupanda. Kisha ungevuka Jumapili asubuhi watu wakiwa wachache, ukirudia mpaka uchoke, ndipo twende kwenye msongamano wa saa kumi na mbili na nusu. Kwa kawaida kazi hii huchukua vikao kati ya 12 na 20, kimoja kwa wiki, na sehemu kubwa hufanyika nje ya chumba cha mshauri. Ndimu nayo, samahani, mwisho itabidi ibaki nyumbani, kwa sababu maadamu iko mfukoni utaipa hiyo ndimu shukrani ambayo ni haki ya mwili wako.

Mwalimu wa Kisauni alijibu:

Kaka, mimi wahaka wangu haukuwa wa kunilipukia kama wako. Ulikuwa wa kunitafuna polepole. Binti yangu akichelewa dakika kumi kutoka madrasa nilikuwa nimeshamzika. Mwalimu mkuu akiniita afisini, nilikuwa nimeshafutwa kazi, nimefukuzwa nyumba na kurudi kwa wazazi wangu, yote kabla sijafika mlangoni, kumbe alitaka funguo za maktaba. Usingizi ulinipaa, shingo ikakaza, na hali hiyo ilidumu karibu mwaka. Baadaye niliambiwa kwamba wasiwasi wa mambo mengi ukimkaa mtu siku nyingi kuliko zisizokuwa nao kwa miezi 6 au zaidi, naye akashindwa kuuzuia, huo ni ugonjwa wenye jina lake.

Nakiri kwamba mshauri wangu wa kwanza alinipotezea wakati, kwani alinihubiria vikao vitatu kuhusu kushukuru, na kama ni hilo shangazi yangu angenifanyia bila malipo. Wa pili alinipa daftari la kurasa 48. Kila nilipoingiwa na hofu niliandika ninachokitabiri, na kila Ijumaa tulikagua kilichotokea. Katika wiki sita niliandika maafa 26. Lililotimia ni moja, paa kuvuja, na siku hiyo nilichukua ndoo nikaiweka chini ya tundu, basi. Pia alinitengea nusu saa baada ya Alasiri iwe ndiyo saa ya kuhangaika. Wasiwasi ukija saa tatu asubuhi niuambie usubiri zamu yake. Nilicheka nilipoambiwa hivyo, ila mpango huo ulifanya kazi.

Ninatofautiana kidogo na ndugu yetu wa Tudor, kwa sababu maelezo yake yanaifanya safari ionekane nyepesi. Wiki ya tatu nilikuwa na hali mbaya kuliko nilivyoanza, nikataka kuacha. Ukifika hapo, mwambie mshauri waziwazi, usipotee kimya kimya. Na kabla ya kutoa pesa, muulize mtu kama amesajiliwa, kwa kuwa tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 na swali hilo ni haki yako. Muulize vilevile atakupa kazi gani ya kufanya nyumbani. Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Ami wa Kibokoni alijibu:

Mwanangu, mamako amesema umechezewa, nami sitamkosoa mama wa mtu hadharani. Nimesomesha chuoni miaka mingi na nimeletewa vijana wengi wenye jakamoyo ili niwasomee. Ninawasomea, na wengine nimewaandikia kombe la zafarani wakanywa, kwa sababu Qur'ani ni utulivu wa nyoyo na hilo halina mjadala kwangu. Lakini zamani nilikuwa nikikomea hapo, na kijana mmoja alirudishwa kwangu mara tano mfululizo. Mara ya tano nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: lini lilianza, na unaogopa nini hasa? Alilia mpaka Magharibi. Tangu siku ile nikimaliza kusoma, namwelekeza mtu hospitali pia.

Wanaodhani kwamba mambo haya ni ya wazungu wangemsoma Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa Balkh, katika nchi inayoitwa leo Afghanistan, na akafariki mwaka 934. Aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba kama vile mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani akiwa mzima, ndivyo anavyopaswa kujiwekea fikra njema wakati ametulia, ili azikute hofu itakapomvamia. Nilipoyasoma maelezo ya mshauri hapo juu, sikuona kitu cha kunishtua.

Zungumza na mkeo. Siri uliyonayo ni ndogo kuliko anayoidhania.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Nitaongeza machache ya upande wa hospitali. Umefanya vyema kuanza na vipimo vya moyo, na yeyote anayesoma hapa asijitibu kwa kukisia: maumivu mapya ya kifua, hasa yanayokwenda mkononi au kwenye taya, ni ya kukimbiziwa hospitali. Uliza pia kama tezi ya shingo ilipimwa, maana ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya mbio na mitetemo, na upungufu wa damu nao huweza kuuharakisha moyo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa mji huu hawalitaji. Unakunywa vikombe vingapi vya kahawa tungu pale barazani, na je, unatafuna muguka? Kafeini huuchochea mwili ule ule ambao king'ora chake kimeshakuwa chepesi, na kathinoni, kichocheo kilichomo katika majani ya muguka na miraa, hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Nimewapokea usiku vijana waliodhani wana mshtuko wa moyo, na mashavu yao bado yamevimba.

Kuhusu vidonge, usinunue vya kutuliza kwa sababu jirani amekusifia. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea na kuiacha huwa taabu. Dawa ambazo daktari huandika kwa wahaka wa muda mrefu huhitaji wiki kati ya 2 na 6 kabla ya kuonyesha nguvu yake, na wapo wanaozitumia sambamba na vikao vya mshauri. Waweza kuanzia Hospitali Kuu ya Pwani au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz. Huenda wakakupa fomu ya maswali 7 ya kupimia wasiwasi, yenye alama kutoka 0 hadi 21. Kuanzia 10 na kuendelea hutaka uchunguzi wa kina, na isikutishe, kwani ni ya kupimia tu. Likikuzidia usiku na huna wa kuzungumza naye, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Mvukaji wa Likoni aliandika tena:

Nawashukuru wote, na wewe Ami nakupa mkono wa heshima. Kahawa nilikuwa nikinywa vikombe sita kwa siku, viwili vyake baada ya Isha, na sikuwahi kuviweka katika hesabu hii. Muguka sitafuni. Mke wangu nimemweleza juzi. Alinyamaza, kisha akasema kwamba tangu nianze kuondoka alfajiri amekuwa akikagua simu yangu, naye akaniomba radhi.

Nimepata miadi ya wiki ijayo. Swali langu dogo kwa mshauri wa Tudor: hiyo ndimu niiache leo, au nisubiri?

Mshauri wa Tudor alijibu:

Usiiache leo. Nenda nayo kwenye kikao cha kwanza, uiweke mezani, umweleze mshauri wako habari yake tangu yule mama wa maembe. Mtapanga pamoja siku ya kuiacha. Kama utataka kujaribu jambo kabla ya hapo, nenda ukasimame tu uwaangalie wanaopanda, bila ya kujilazimisha.

Mvukaji wa Likoni aliandika tena:

Jumapili nilikwenda kusimama. Feri tatu ziliondoka nikiwa nimesimama karibu na wauza njugu, moyo ukinipiga, nikawa natazama saa ya simu badala ya kukimbia. Dakika ya kumi na mbili ulikuwa umepungua. Feri ya nne nilipanda. Nilitoka jasho safari nzima na sikumwangalia mtu usoni. Ndimu ilikuwa mfukoni, ila sikuitoa.