Swichi 3 za hoteli Malindi: IP kwa mkono au DHCP?

mtandao_mld: Habari zenu mafundi. Nafunga swichi 3 za Cisco, safu ya pili (layer 2, zisizoelekeza data kati ya mitandao). Ruta ni 192.168.10.1, inagawa IP (anwani za mtandao) zinazoishia .50 hadi .200. IP za swichi niziache kwa DHCP, yaani ruta izigawe yenyewe? Moja niliyoipa .2 inajibu pingi (ujumbe wa kupima kama kifaa kipo hewani) nikiwa VLAN 10 (VLAN ni mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi), ila nikihamia VLAN 20 kimya.

fundi_shela: Weka kwa mkono, nje ya zile .50–.200. Ukichukua ndani yake, siku moja simu ya mgeni itapewa IP hiyohiyo na swichi itapotea hewani. Kumbuka IP haikai kwenye poti, inakaa kwenye VLAN. Chomeka kebo ya konsoli, kasi 9600, ingia kwenye hali ya usanidi, kisha:

interface vlan 10
ip address 192.168.10.3 255.255.255.0
no shutdown
exit
ip default-gateway 192.168.10.1

Huo mstari wa mwisho ndio dawa ya kimya chako. Bila geti (ruta ya kupitishia data kwenda VLAN nyingine), swichi inapokea pingi ya VLAN 20 lakini haijui pa kurudishia jibu.

ganda_LAN: Naongezea: VLAN 10 ikiwa haijaundwa, au haina poti hata moja iliyo hai, hiyo intafesi itabaki chini hata ukiandika no shutdown mara ngapi. Hakikisha kwa show ip interface brief.

Na tafadhali, hifadhi: copy running-config startup-config. Stima ikipotea kabla ya hapo, kazi yote imekwenda.

mtandao_mld: Geti haikuwepo kweli. Sasa inajibu. Shukrani sana.