Kikundi cha ukoo: Mjomba kaambiwa aache sigara

*JUMAMOSI*

Mama Tunu: Asalam alaykum wanafamilia, majibu ya mjomba wenu Rashidi yametoka, makohozi hayana TB alhamdulilah, ila daktari kasema mapafu yamechakaa kwa moshi, ile kuhema akipandisha kale kamlima ka msikitini ndo hiyo hiyo, na kasema yaliyoharibika hayarudi, kinachowezekana ni kuzuia yasiharibike zaidi na hapo ni sigara iachwe, leo sio mwezi ujao

Mama mdogo Hawa: Alhamdulilah kwa TB maana kukohoa miezi mitatu mie nilishawaza mengi. Kaka umesikia? Tiki za bluu naziona ujue 😒

Mjomba Hamisi Urambo: Pole sana kaka. Ila na hawa madaktari nao, ugonjwa ukiwashinda jina wanasingizia sigara. Babu si alivuta kiko mpaka miaka 84 na kilichomuua ni kuanguka kwenye mwembe, tena alipanda mwenyewe

Mama mdogo Hawa: Hamisi we! Babu alikuwa na wenzake wa baraza wanne, wote tuliwazika kabla yake. Umemsahau yule alikuwa akitaka kuongea mpaka azibe tundu la koo kwa kidole? Tukimkimbia watoto?

Mjomba Hamisi Urambo: Yule nilimsahau kweli

Neema nesi: Shikamooni wakubwa. Mjomba Hamisi hawasingizii. Shirika la Afya Duniani linasema wavutaji wasioacha, mpaka nusu yao hiyo hiyo tumbaku ndo inakuja kuwamaliza, kwa mwaka ni zaidi ya watu milioni 7 dunia nzima na humo wamo zaidi ya milioni 1 ambao hawajawahi hata kushika sigara, wanavutishwa tu na walio nao ndani. Sasa babu alikuwa nusu ile nyingine, bahati yake. Usipangie maisha bahati ya babu

Mama Tunu: Hapo kwa kuvutishwa umenigusa, Kassimu kalazwa mara mbili na kifua na analala chumba kimoja na babu yake. Mie nikisema naambiwa navuta dirishani. Moshi unajua dirisha liko wapi?

Shabani Kisumu: 😂😂 moshi unatafuta mlango jamani

Mama mdogo Hawa: Wifi mie nina la kukiri hapa. Huyo Kassimu ndo anatumwa dukani kwangu kila jioni, "bibi Hawa babu kasema mbili", na mie nampa, mwaka mzima sasa

Neema nesi: Mama!! Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 hapa Tanzania inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, huyo ana miaka 9

Mama mdogo Hawa: Sasa si anatumwa, havuti yeye

Neema nesi: Leo anatumwa, ameshajua bei, ameshajua inavyonukia, anajua kuiweka mfukoni isivunjike. Umemfundisha kila kitu kasoro kuwasha

Mama mdogo Hawa: Haya nimeacha. Naapa

*JUMAPILI*

Mjomba Hamisi Urambo: Nimelala nikiwaza, naona nisemwe na mie nijitetee. Nyote mnaitukana tumbaku ila robota zangu za tumbaku ndo zimejenga hiyo nyumba mama anayokaa na Neema ada ya chuo mwaka wa pili ilitoka soko lile la Juni, au uongo? Mie mwenyewe sivuti, sijawahi. Nalima tu

Neema nesi: Kweli tupu mjomba na sitosahau. Ila nikuulize, ile homa yako ya wakati wa kuchuma bado inakujia? Ile ya kila mwaka

Mjomba Hamisi Urambo: Inakuja, hiyo malaria ya Februari nimeizoea. Tukichuma asubuhi majani yana umande au mvua imenyesha, shati linaloa chapa, viganja vinaganda gundi nyeusi hata kwa mchanga haitoki, jioni kichwa kinazunguka natapika mpaka nyongo, ukilala ukiamka kesho umepona. Na mama watoto hivyo hivyo

Neema nesi: Ukipimwa malaria inaonekana?

Mjomba Hamisi Urambo: Hapana ndo maana nilibadilisha zahanati

Neema nesi: Mjomba hiyo sio malaria. Ni nikotini, jani likiwa bichi limeloa inayeyuka kwenye maji inapita kwenye ngozi mpaka kwenye damu. Ugonjwa unajulikana kabisa kwa wakulima wa tumbaku. Yani huvuti lakini siku ya kuchuma unaingiza mwilini kuliko unavyodhani. Subirini majani yakauke umande ndo muingie, mvae mikono mirefu na glavu na kitu kisichopitisha maji, shati likiloa vua usikae nalo, na watoto na mjamzito wasiguse kabisa

Mjomba Hamisi Urambo: Duh

Mjomba Hamisi Urambo: Miaka 19 nakunywa dawa ya malaria

Shabani Kisumu: Mjomba shikamoo. Huku jirani Migori kuna wakulima waliokuwa wa tumbaku kama wewe wamehamia maharage, yale yenye madini ya chuma kwa wingi, serikali na Shirika la Afya na yale mashirika ya UN, FAO la kilimo na WFP la chakula, waliwaletea mbegu na mafunzo

Mjomba Hamisi Urambo: Marahaba Shabani. Maharage najua kulima hata ukiniamsha usiku. Swali ni nani ananunua. Tumbaku chama cha msingi kinanikopesha mbolea na dawa, wanakata kwenye mauzo, bei inatajwa na mnunuzi anajulikana kabla sijapanda. Maharage nikivuna na mtaa mzima wamevuna, dalali anakuja na debe lake lililotanuliwa ananipangia bei

Shabani Kisumu: Ndo nilichotaka kufikia, hao WFP waliingia pia kama wanunuzi. Bila hivyo hata Migori wangerudi kwenye tumbaku

Mjomba Hamisi Urambo: Basi aje mnunuzi kwanza hata kesho naacha. Maana na kuni nazo, zamani tulikata hapo nyuma ya shamba, sasa hv kulisha bani moja la kukaushia tumbaku trekta linaenda nusu siku kutafuta magogo

Mama mdogo Hawa: Nilikuwa namsomea mama hizi meseji. Anauliza na ugoro wake nao umo au mnasema sigara tu, maana yeye havuti ananusa

Neema nesi: Mwambie bibi umo 😅 ni tumbaku ile ile imesagwa ikatiwa magadi, na nikotini inapandisha presha na yeye dawa za presha anameza kila asubuhi, huku anashusha huku anapandisha

Mama mdogo Hawa: Kasema umsalimie na usimtafutie ugomvi. Kakifunga kikopo chake kwenye pindo la kanga

*JUMANNE*

Mjomba Rashidi: Nimesoma yote. Sikujibu sababu nina aibu

Mjomba Rashidi: Leo siku ya tatu sijagusa. Mchana naweza, shida ni baada ya ugali, mkono unaenda wenyewe mfukoni unakuta hamna kitu unarudi. Nimemfokea mama Tunu kwa ajili ya kijiko. Usiku silali. Nilianza nina miaka 17 kwenye gereji tukipokezana moja watu wanne, sasa nina 58, nimeacha mara nyingi tu msinione sijawahi

Mama Tunu: Kijiko nimeshasamehe

Neema nesi: Mjomba usione aibu kabisa, ni ulevi wa mwilini sio udhaifu wako, na siku hizi tatu ndo zenye moto. Hamu ikija haikai, dakika chache inapita, simama toka nje, kunywa maji, tafuna kitu. Ya juzi ulipofikisha masaa 12 tu ile sumu ya kaboni monoksidi ya kwenye moshi ilishashuka kwenye damu, na ukifika mwaka hatari ya moyo inakuwa imepungua nusu. Zipo na chingamu na plasta za nikotini zinasaidia, naziulizia mjini nikizipata nakuletea. Na ukiteleza moja usiseme basi imeharibika ukamaliza pakiti

Mjomba Hamisi Urambo: Kaka nisamehe kwa ile ya babu na mwembe

Mjomba Rashidi: Ulinichekesha mwaya. Nikakohoa

*JUMATANO*

Mama mdogo Hawa: Jamani. Kassimu yuko hapa dukani na jero mkononi

Mama Tunu: WEE

Neema nesi: Mjomba???

Shabani Kisumu: 👀

Mama mdogo Hawa: Anasema "babu kasema mbili halafu kasema basi rudi, halafu kasema nenda". Nimemfungia karanga

Mjomba Rashidi: Ilikuwa baada ya ugali

Mjomba Rashidi: Karanga nimezipata. Sasa Hawa karanga za jero ndo hizi? Umenipunja