Tupeane uzoefu: akaunti kufungwa, namba kupotea, hela za mtandaoni kugoma. Wa Tanga tuanzeni

Mgosi wa Makorora
Wagosi na wadada, habari za jioni. Leo nilikuwa Mgandini kwa wakala, akaja mzee mmoja na simu yake ya kupangusa. Anataka kuingia kwenye akaunti ya picha, harusi ya bintiye yote imo humo. Simu inamwambia aingize namba iliyotumwa kwenye kifaa chake kingine. Mzee akauliza, "Kifaa kingine kipi? Changu ndiyo hii, kingine jembe." Watu wakaangua kicheko. Wakala kajaribu weee mpaka mzee akaondoka na simu yake mkononi, picha hakuziona.

Haya makampuni makubwa hayana mlango. Benki ikikuzingua unakwenda mjini unamkalia meneja mpaka akuone. Hawa utamkalia nani? Basi tupeane uzoefu: barua pepe, simu, sarafu za mtandaoni, chochote kilichokukuta. Matusi hapana.

Kange Usiku Mkubwa
Kingine jembe, hahaha! Nimeweka kiti, endeleeni.

Fundi Barabara ya 12
Mimi fundi simu, haya mambo yananijia kila siku mezani. Kesi nyingi mzizi wake ni Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Watu walikuwa na laini mbili tatu, wakasajili moja, nyingine wakaziacha zife. Sasa barua pepe alifungua zamani kwa ile iliyokufa. Leo kanunua simu mpya, kampuni inatuma namba ya siri kwenye laini ile ile ya zamani, na laini yenyewe ilishauzwa upya.

Nina mteja mwalimu. Tulipiga namba yake ya zamani, akapokea dada yuko Mbeya. Nikamweleza kwa ustaarabu wote: dada yangu, utaingia ujumbe wenye tarakimu sita, naomba unisomee. Nilitukanwa matusi ambayo hapa Tanga hatuna. Na simlaumu, matapeli wanaongea hivyo hivyo neno kwa neno. Mwalimu mpaka kesho barua pepe yake anaiona jina tu.

Nendeni sasa hivi mkaangalie akaunti zenu zina namba gani ya kurejeshea. Usiseme kesho.

Bi Mkubwa wa Raskazone
Kweli fundi. Yangu nayo ilikufa na laini.

Dogo Sahare
Mimi naleta ya P2P, kuuziana sarafu za mtandaoni mtu kwa mtu. Kwa wasiojua: unauza USDT, zile sarafu zinazofuata thamani ya dola, mnunuzi anakutumia shilingi kwenye simu. USDT zako zinashikiliwa na jukwaa mpaka wewe ubonyeze kwamba hela imeingia. Mnunuzi anapewa dakika chache za kulipa, saa inahesabu hapo unaiona.

Ile Jumapili ya Mei 2024 mikongo ya baharini ilipokatika, mnakumbuka intaneti ilivyokuwa. Mimi nilikuwa katikati ya biashara. Jamaa kabonyeza "nimelipa", mtandao ukaniishia mkononi. Kwenye simu hela haijaingia. Mtandao uliporudi nakuta kafungua malalamiko dhidi yangu, kaweka skrinshoti ya ujumbe wa malipo wa kupika, tena jina langu kalikosea herufi. Naandikia huduma kwa wateja, anayejibu roboti: "Tunaelewa usumbufu wako." Nikatuma taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu. Roboti likasema nitume hati iliyo katika lugha inayoeleweka. Kiswahili hakieleweki, skrinshoti ya uongo inaeleweka!

USDT zilirudi, lakini usingizi wangu hakuna aliyeurudisha.

Mzee wa Pongwe
Mnaumia kwa kujitakia. Hii ni ile ile ya DECI, upatu wa kupanda mbegu na kuvuna wa 2009, imevishwa kanzu mpya. Benki Kuu ilishatangaza 2019 kwamba sarafu hizi si halali nchini. Mlikuwa wapi?

Mtoto wa Usagara
Mzee shikamoo, lakini usichanganye mambo. Mbegu zile zilikuwa na wenyewe, anayeingia leo ndiye anayemlipa wa jana. Bitcoin haina mwenyewe, ilianza kufanya kazi Januari 2009 na haitazidi milioni 21, imeandikwa kwenye programu yenyewe. Halafu mbona unaishia 2019? Juni 2021 Rais Samia aliiambia Benki Kuu ijiandae na mambo haya. 2024 Sheria ya Fedha ikaleta kodi ya zuio asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kitu unachokikata kodi utasema hukijui?

Mzee wa Pongwe
Marahaba. Kukukata kodi si kukulinda. Ukidhulumiwa utamshtaki nani, huyo Satoshi wenu, mwanzilishi wa Bitcoin asiyejulikana? Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000, Novemba iliyofuata iko chini ya 16,000. Banda langu la mabati halijawahi kushuka hivyo.

Mtoto wa Usagara
Na Desemba 2024 ikapita 100,000. Banda limefika ngapi, mzee wangu?

Mgosi wa Makorora
Jamani, uzi wa uzoefu huu. Bei na mabanda mkamalizane barazani kwenye kahawa.

Bint Nguvumali
Nimesoma kimya tangu mwanzo, ila hilo la "hawana mlango" limenitonesha kidonda.

Kaka yangu alikuwa mpishi melini. Akiba yake hakutaka kuweka benki. Alikuwa akituambia, mimi nikiwa Singapore benki yenu ya Tanga itanifaa nini? Kwa hiyo akaweka hizo USDT na Bitcoin kidogo, vyote kwenye simu. Mwaka jana akafariki, ghafla, hata kuaga hakuaga. Simu ina namba ya siri na inafunguka kwa uso. Siku ya msiba kuna mtu, simtaji, alishauri eti marehemu aonyeshwe simu usoni kabla hajavishwa sanda. Mama alimtoa uani na ufagio wa chelewa.

Tukaandikia kampuni iliyotengeneza simu. Majibu ya upole mno: tulete cheti cha kifo kilichotafsiriwa Kiingereza, tulete amri ya mahakama, na hata tukileta vyote, namba ya kufungulia wao hawaijui, watakachofanya ni kufuta kila kilichomo ili simu itumike tena. Yaani tuhangaike na mahakama tukabidhiwe simu tupu! Tulichokuwa tunakitafuta ndicho watakachofuta.

Shemeji akiwa eda, anapanga vitu vya marehemu, akakuta daftari la mapishi. Mchele wa mabaharia, vitunguu, namna ya kukaanga samaki wengi kwa mafuta kidogo. Ukurasa wa mwisho kabisa kuna maneno ya Kiingereza yamepangwa kwa namba, moja mpaka kumi na mbili, ukiyasoma pamoja hayana maana. Shemeji alidhani mtoto alikuwa akifanya imla. Daftari likaenda kukaa stoo ya jikoni, masika yakaingia, paa lenyewe mnalijua. Tulipokuja kuelewa kwamba ndiyo maneno ya siri ya kufungulia hizo sarafu zake hata kwa simu nyingine, kumi na moja yanasomeka, la mwisho mende wamekula, zimebaki herufi mbili za mbele.

Na baba mdogo kila asubuhi yuko uani, anataka "dola za marehemu" zigawanywe. Namwambia hazijaonekana. Anasema tumezificha.

Kange Usiku Mkubwa
Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Pole sana dada. Na mama mpe salamu zangu kwa kazi ya ule ufagio.

Dogo Sahare
DADA, HAYO MANENO USIYAANDIKE HAPA. HATA MOJA.

Rejesha Sarafu Haraka
Habari dada. Hata mimi nilipoteza, nikasaidiwa na mtaalamu mmoja mwaminifu sana, malipo baada ya kazi. Njoo inboksi na hayo maneno kumi na moja.

Fundi Barabara ya 12
Huyo hapo juu mwizi, wasimamizi mwondoeni.

Bint, pole, halafu sikiliza, maana hali yako si mbaya unavyodhani. Maneno hayo hayatoki hewani, yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2048. Na la mwisho limebeba hesabu ya kuhakiki yale mengine, kwa hiyo katika 2048 yatakayokubali hapo ni 128 tu. Wewe una herufi mbili za mbele, ukichuja kwa hizo yatabaki machache sana, pengine ya kuhesabu kwa vidole. Orodha imepangwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo hazifanani kwa neno lolote, kwa hiyo hata kama kuna kipande cha herufi ya tatu, kiangalie kwa taa.

Lakini fanyeni kwenye kompyuta iliyozimwa intaneti. Msiingize maneno kwenye tovuti yoyote, hata ikiwa na jina zuri vipi. Waleti, yaani pochi ya hizo sarafu, ikifunguka, hamisheni kila kitu kwenye waleti mpya siku hiyo hiyo, maana hilo daftari limeshashikwa na wengi. Na kama USDT zipo kwenye mtandao wa Tron, mtahitaji TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo, za kulipia ada, bila hizo mtaziangalia tu.

Mzee wa Pongwe
Fundi, usimfundishe mtoto wa watu kuvunja kufuli la marehemu. Kwanza Mahakama ya Mwanzo, apatikane msimamizi wa mirathi. Kompyuta baadaye.

Mtoto wa Usagara
Akingoja mahakama, mende watamaliza na hayo kumi na moja. Piga picha ukurasa.

Dogo Sahare
USIPIGE PICHA! Picha zinapanda zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni. Nakili kwa kalamu.

Ustadhi wa Chumbageni
Mzee wa Pongwe kasema kweli, msimamizi kwanza. Nami naongeza: kabla ya mgao kuna madeni ya marehemu na wasia. Bint, kaka aliacha mtoto wa kiume?

Bint Nguvumali
Ndiyo Ustadhi, wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Na mama yetu yuko hai.

Ustadhi wa Chumbageni
Basi mama ana sudusi, moja ya sita, mjane thumni, moja ya nane, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Baba mdogo hana fungu hapo. Na wewe pia huna, binti yangu.

Kange Usiku Mkubwa
Ustadhi hapepesi macho!

Bint Nguvumali
Mimi sina tamaa nayo Ustadhi, nataka watoto wasome. Asante fundi. Mpwa wangu anayesoma kompyuta anakuja Ijumaa baada ya swala, laptopu ni yake na mtandao tutauzima. Imamu na mjumbe wa mtaa watakuwepo. Za mahakama tunazifuatilia, mzee wangu wa Pongwe, usinikasirikie. Baba mdogo hajaambiwa siku.

Bi Mkubwa wa Raskazone
Mwenzenu paswedi zangu zote nimeziandika kwenye kalenda ya ukutani. Hazipotei ng'o.

Fundi Barabara ya 12
Bi Mkubwa, sebuleni hapo wanapoingia wageni?

Bi Mkubwa wa Raskazone
Ndiyo. Kwani?

Mrithi Halali (amejiunga leo)
Assalaam alaykum. Mimi mgeni humu. Samahani, hiyo shughuli ya Ijumaa inaanza saa ngapi? Na ni hapo Nguvumali au kule kwa bibi?

Bint Nguvumali
Shikamoo baba mdogo.