Naombeni msaada: uhamisho wa kazi kutoka Unguja kwenda Pemba, barua inaandikwaje?

Chuchumaa: Assalam alaykum wanajukwaa. Mie mtumishi wa serikali, niko forodha upande wa mizigo inayoingia, mwaka wa tano huu. Kazi yangu ya makaratasi, naangalia ankara, bili ya meli, HS kodi (ile namba ya aina ya bidhaa, ndo inayoamua ushuru) iliyoandikwa na wakala kama inalingana na mzigo, nakubali au narejesha. Nataka kuhamia Pemba, Mkoani au Wete popote, na nataka iwe kabla ya Ramadhani. Aliyewahi kuomba naomba aniambie barua inaandikwaje na sababu gani huwa haikataliwi. Tafadhali msiniulize mengi, mambo ya kifamilia tu.

Karafuu Mbichi: Waalaykum salaam. Karibu Pemba yakhe, huku hakuna foleni. Sababu isiyokataliwa ni mzazi mgonjwa, lakini awe yuko huku kweli maana watauliza sheha.

Mama Swabra: Wenzio wanakimbia Pemba kuja mjini we unakwenda kinyume. Kuna mke wa pili Chake hebu sema ukweli 😂

Nahodha Mstaafu: Vijana wa forodha wa leo mnalalamika hamjui mlikotoka. Zama za Sayyid Said forodha yote ya Unguja ilikuwa ya kukodishwa, mfanyabiashara wa Kihindi Jairam Shivji anamlipa Sultani fedha ya mwaka halafu ushuru anakusanya mwenyewe, na kwa mkataba wa 1833 na Wamarekani ushuru ulikuwa asilimia 5 tu, basi, hakuna cha HS kodi wala mfumo kuganda. Forodhani munapokula urojo leo jina lake limetokana na hiyo hiyo forodha. Na lile jengo la forodha ya zamani pale Mizingani nimewahi kuwaona watoto wanajifunza kupiga qanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ndani yake. Mie babu yangu alikuwa hamali hapo, alibeba pembe za ndovu mpaka bega likapinda.

Chuchumaa: Shukran mzee, lakini nauliza barua.

Duka la Darajani: Forodha mimi nisikieni vizuri. Nilinunua tivii hapa Unguja, imeshalipiwa kila kitu, naipeleka Dar kwa dada yangu nimefika bandarini kule naambiwa lipia tena tofauti. Nchi moja hii? Hilo ndo mlijadili acheni barua.

Bint Kwahani: @Chuchumaa kaka miaka mitano kazini halafu ghafla "kabla ya Ramadhani". Tarehe inakukimbiza. Kuna nini?

Chuchumaa: Hakuna kitu dada. Kuna mzigo mmoja uko mezani kwangu unanikosesha usingizi, nikihama utapangiwa mtu mwengine, sitakuwa nimeupitisha wala nimeukataa. Ndo heri kwa wote.

Bint Kwahani: Mzigo gani?

Chuchumaa: Kontena la futi 40 la makabati na vitanda. Wakala kaandika mbao zilizokatwa za kiwandani, yaani bidhaa ambayo haijakamilika, ushuru asilimia 10. Wakati samani kamili tangu Julai 2022 ziko kwenye lile daraja la ushuru wa asilimia 35 la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yeye anadai si samani kwa sababu hazijaungwa, zimo vipande vipande kwenye maboksi, na kila boksi lina mfuko wake wa skrubu na bawaba na kile kiufunguo kidogo cha kukazia.

Kliaringi Mkongwe: Hapo hamna mjadala. Kanuni ya pili ya kutafsiri HS inasema wazi, kitu kikija hakijaungwa kinahesabiwa kama kilichoungwa. Kabati ni kabati hata likija kama biskuti. Mimi wakala mwaka wa 20 na hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anaijua hiyo. Mzigo una thamani gani?

Chuchumaa: Ankara inasema dola 14,000 pamoja na nauli ya meli na bima.

Kliaringi Mkongwe: Basi kwa 10 ni dola 1,400, kwa 35 ni 4,900. Hapo 3,500 zinapotea na VAT juu yake bado sijaigusa. Andika swali kwenye mfumo, peleka ukaguzi wa macho, mzigo ufunguliwe, kazi yako imekwisha. Uhamisho wa nini?

Ustadh wa Baraza: Mwenyezi Mungu amekupa amana kijana. Mali ya umma ni ya yatima na wajane, dawa za hospitali zinatoka humo. Usiuze akhera kwa kabati.

Duka la Darajani: Ustadh dawa za hospitali zenyewe tunanunua wenyewe, usinichekeshe.

Mama Swabra: Mie shemeji yangu alikuwa mizani, si forodha lakini ni huko huko, alikataa lori moja tu, mwezi wa pili kahamishwa bila ya kuomba. Kwa hiyo we kataa tu, uhamisho utakuja wenyewe na barua wataandika wao 😂😂

Mvua ya Vuli: Samahani jamani nimesoma mara mbili. Mleta uzi kasema kazi yake makaratasi. Kontena halijafunguliwa, liko bandarini. Sasa kiufunguo cha kukazia kakionea wapi? Ankara haiandiki kiufunguo. Hii chai, tena ya rangi. Na akaunti kaifungua leo.

Karafuu Mbichi: Ehee! Mimi nilishaanza kumtafutia nyumba ya kupanga huku.

Mvua ya Vuli: Hii assaimenti ya chuo cha kodi, nakwambieni. "Afisa amepokea tamko lenye uainishaji usio sahihi, jadili." Jairam Shivji keshapewa, hesabu kafanyiwa, bado kupiga chapa tu akakusanye maksi.

Nahodha Mstaafu: Kama ni assaimenti aandike na babu yangu.

Chuchumaa: Si chai wala si assaimenti, wallahi nimeandika haya mikono inatetemeka. Haya. Ni mzigo wa pili huo. Wa kwanza ulikuja Rajabu, wakala yule yule, maelezo yale yale, ukanijia mie na nikaupitisha. Mwenye mzigo ni baba mkwe wangu mtarajiwa, ana duka la samani. Harusi yetu Mfunguo Mosi inshaallah. Mahari niliyotajiwa ni fedha na seti ya chumba, kitanda kabati na dresingi, na fedha nilikuwa nayo ila seti sikuwa nayo, ndo mzee akaniambia mwanangu usihangaike, chukua dukani kwangu utanilipa polepole. Maboksi yako kwa mama yangu toka mwezi uliopita. Nimefungua moja. Ndo nimeona hicho kiufunguo.

Bint Kwahani: Yarabi. Nilijua tarehe inakukimbiza.

Chuchumaa: Lakini sielewi kwa nini mtu aseme nimehongwa. Nimekopeshwa. Nimeandika kwenye daftari kabisa kiasi ninachodaiwa. Na ile ya Rajabu sikujua kama ni vipande vya kuunga, karatasi ilisema mbao.

Kliaringi Mkongwe: Karatasi ilisema mbao na mwenye mzigo ana duka la vitanda, na hukuuliza. Daftari lako halitakusaidia. Na kuhama hakukusaidii vilevile, kumbukumbu za forodha zinawekwa miaka 5, wakija kukagua baada ya mzigo kutoka wanakuta jina la aliyepitisha la Rajabu ni lako, uwe Unguja uwe Pemba. Na huyo mkweo tamko la uongo kwa sheria ya forodha ya 2004 ni kifungo mpaka miaka 3 au faini mpaka dola 10,000. Mwambie mkubwa wako kuwa una mahusiano na mwenye mzigo, kwa maandishi, leo. Rekebisheni la kwanza kabla halijarekebishwa na wengine.

Ustadh wa Baraza: Na mahari ya namna hiyo ina mashaka. Baba anampa mkwe kitu ili mkwe ampe binti kama mahari, huyo binti kapewa nini sasa?

Mama Swabra: Hapo ustadh umenena, yaani bi harusi kapewa kitanda cha babake 😭

Chuchumaa: Nikimwambia bosi harusi hamna. Mzee ataniona adui. Binti hajui chochote, alishachagua na rangi ya mapazia. Nikihama kimya kimya mwengine atakataa mzigo wa pili, mzee atalipa, hatajua imetoka wapi. Barua nimeshaandika nusu, ndo maana niliuliza sababu tu.

Bint Kwahani: Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta mhuri.

Mvua ya Vuli: Sawa naondoa chai yangu. Lakini nina swali, hiyo seti mshaiunga?

Chuchumaa: Bado. Mama kasema isubiri chumba kipigwe rangi. Ipo kwenye maboksi.

Mvua ya Vuli: Basi poa. Kwa hesabu ya mkweo we hujachukua kitanda, umechukua mbao zilizokatwa.

Karafuu Mbichi: 😂😂😂 asilimia 10

Duka la Darajani: Nimecheka mpaka mteja kaondoka.

Kliaringi Mkongwe: Cheka ucheke ila @Chuchumaa usiguse hizo skrubu. Zirejeshe dukani kama zilivyo, uchukue risiti.

Chuchumaa: Boksi nililofungua limechanika upande mmoja. Atalipokea?

Mama Swabra: Piga selotepu.

Chuchumaa: Sawa. Halafu ile sababu ya mzazi mgonjwa, mama yangu ana presha lakini yuko Unguja, Jang'ombe. Inafaa au haifai?