Tupeane uzoefu: SUV ikikwama kwenye theluji nzito, unaitoaje na unakagua nini kabla ya kuondoka?

Mleta mada
Wakuu mlioko Minnesota, Alberta, Norwe na kwingine kwenye baridi, kila mwaka kuna wageni wanaonunua SUV wakiamini yenye fowili (magurudumu yote manne yanavuta) haikwami. Inakwama. Nyingi zina nafasi ya sm 20 hivi uvunguni. Theluji ikizidi hapo, gari linapanda juu ya theluji iliyoshindiliwa na kulalia tumbo, na magurudumu yanakosa uzito wa kushika chini. Wenye ujuzi wekeni hatua zenu, hasa za ukaguzi.

Mdau wa Edmonton
Kabla ya yote, ekzosi. Fukua nyuma ya gari hadi mdomo wake uwe wazi ndipo uwashe injini. Ukizibwa, kaboni monoksaidi inaingia ndani. Haina harufu na inaua watu wakiwa wamekaa kwenye viti. Kushusha kioo kidogo hakutoshi. Kama kuna upepo, toka ukague tena mara kwa mara, theluji inarudi haraka sana.

Fundi Gia
Beleshi kwanza, kukanyaga mafuta baadaye. Wengi wanachimba mbele ya tairi tu na kuacha uvungu, na uvungu ndio ulioshikilia gari. Toa theluji chini ya bampa, chini ya injini na katikati, kisha nyoosha usukani.

Zima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, kwa sababu unakata nguvu ya injini wakati unapoihitaji. Kwenye magari mengi kitufe kinashikiliwa sekunde kadhaa. Mwaga mchanga mbele ya tairi, weka gia ya pili kama gari linaruhusu, ukanyage kidogo. Tairi likianza kuzunguka bure, acha: joto lake linayeyusha theluji, maji yanaganda, na sasa uko juu ya barafu.

Ukilazimika kwenda mbele na nyuma, subiri magurudumu yasimame kabisa kabla ya kutoka D kwenda R. Kubadili yakiwa yanazunguka kunaumiza giaboksi ya otomatiki. Na spidomita isikudanganye: kwa difu ya kawaida (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya kushoto na kulia), gurudumu moja likisimama na mwenzake likazunguka, hilo linalozunguka linakwenda mara mbili ya kasi unayosoma. Ukisoma 60, lenyewe liko 120. Tairi linaweza kupasuka.

Mdau wa Oslo
Kupunguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 20 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) kunasaidia kwenye theluji laini, ila hakusaidii chochote kama gari limelalia tumbo. Uwe na pampu ndogo ya kujazia, usiingie barabara kuu hivyo.

Fundi Gia
Sahihi. Tena pimeni kwanza, baridi yenyewe inashusha takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi.

Mvutaji
Kuhusu kuvutwa: tumia ndoano ya kufungia iliyoko kwenye mfuko wa spana, skrubu hadi mwisho. Kuna zinazofungwa kinyume na kawaida, kwa hiyo usilazimishe. Usifunge kamba kwenye tufe la kuvutia trela. Likikatika linaruka kama risasi, na limeshaua watu. Wote waliosimama karibu wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba.

Fundi wa Uvungu
Ukaguzi sasa. Lala chini na tochi. Kinachovunjika zaidi ni kava la plastiki chini ya injini. Likining'inia, lifunge au litoe, upepo wa barabarani utaling'oa. Tazama raba za kushikilia ekzosi, nyaya za sensa za ABS (mfumo wa kuzuia breki zisifunge magurudumu) nyuma ya magurudumu, na raba za CV joint (viungo vya ekseli vinavyozungusha magurudumu): grisi iliyotapakaa ndani ya rimu maana yake raba imechanika.

Fungua boneti. Theluji iliyoshindiliwa inaweza kuvua fanbelti. Taa ya betri ikiwaka, zima injini. Safisha pia mbele ya rejeta, vinginevyo injini itachemka hata kukiwa na baridi kali.

Ukifika, tandika boksi safi chini ya injini usiku kucha. Doa jekundu mara nyingi ni mafuta ya giaboksi au ya usukani. Jeusi ni oili. Kijani, pinki au chungwa lenye utamu wa harufu ni kulanti (maji ya kupozea injini). Maji matupu ni theluji iliyoyeyuka.

Mdau wa Edmonton
Niongeze: usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 70 hivi kwa saa, usikimbilie balansi ya magurudumu. Theluji imeganda ndani ya rimu upande mmoja. Itoe kwa maji ya uvuguvugu au kijiti cha mbao, kisha jaribu tena. Usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, hapo peleka alainimenti (kunyoosha magurudumu), na fundi akague tai rodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) kwanza.

Fundi Gia
Na mafuta ya giaboksi yakinuka kuungua, yabadilishwe kabla ya safari ndefu.