Matangazo yanayosoma ukurasa: yaligeuza nini mtandaoni, na yanawekwaje leo?

Karani
Wakuu, salaam. Naulizia matangazo ya muktadha, yale yanayochaguliwa kwa kuangalia maneno ya ukurasa badala ya kumfuatilia msomaji. Husemwa sana kwamba yaligeuza mtandao, lakini yaligeuza nini hasa? La pili ni la kiufundi: tovuti ya makala ianzie wapi kuyaweka, na kwa nini mara nyingine hutokea tangazo lisilohusiana kabisa na makala?

Mzee wa Seva
Karani, anzia 1994. Oktoba mwaka huo tovuti ya HotWired iliweka mabango yake ya kwanza, likiwamo la kampuni ya simu ya AT&T. Bango liliuzwa kama nafasi ya gazetini: watu wa mauzo wanapatana bei, tangazo linakaa hadi muda uliolipiwa uishe. Tovuti ndogo isiyo na mtu wa mauzo haikuwa na lake.

Mwaka 1998 tovuti ya utafutaji ya GoTo.com ilianza kupiga mnada nafasi za juu kwenye matokeo ya utafutaji, mtangazaji akilipa pale tu anapobofywa. AdWords, mfumo wa matangazo wa Google, ikaja Oktoba 2000. Mpaka hapo matangazo ya aina hiyo yalikuwa kwenye kurasa za utafutaji. Mwaka 2003 ndipo mambo yalipogeuka: Aprili Google iliinunua Applied Semantics, kampuni ya teknolojia ya kuchambua maana ya kurasa, na Juni ikafungua AdSense, huduma yake ya kuweka matangazo, kwa tovuti za ukubwa wowote. Unabandika mistari michache ya msimbo, roboti inausoma ukurasa, watangazaji wanashindania nafasi.

Kwa maoni yangu, badiliko kubwa ni hili: ukurasa mmoja ukawa na thamani yake wenyewe. Makala ya kurekebisha cherehani yenye wasomaji wachache ikaanza kulipa, kwa kuwa wasomaji hao ndio hasa muuza vipuri anaowataka. Ila neno nalo likapata bei. Wakazuka watu wa kuandika kurasa kwa ajili ya neno lenye dau kubwa, si kwa ajili ya msomaji, na viwanda vya makala nyepesi vikajaza matokeo ya utafutaji hadi Google ilipoleta Panda, badiliko la mfumo wake wa utafutaji, Februari 2011, kuvishusha. Madhara hayo bado tunayabeba.

Dirisha
Nijibu la tangazo lisilohusiana. Kwanza hakikisha kama kweli ni la muktadha. Tangu 2009 nafasi ileile ya AdSense hugombewa pia na matangazo yanayofuata mambo anayopenda msomaji. Fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha na ukatae vidakuzi (vijifaili vinavyomtambulisha msomaji). Matangazo yakibadilika sana, yale ya awali huenda yalikuwa yanamfuata mtu. Ukitaka kuzuia hilo kwa kila msomaji, weka mstari huu kabla ya maombi ya matangazo:

`(adsbygoogle=window.adsbygoogle||[]).requestNonPersonalizedAds=1`

Vidakuzi haviishi hapo. Bado hutumika kuhesabu mara ambazo tangazo limeonekana na kukamata ulaghai, kwa hiyo sheria ikitaka idhini ya msomaji, bado uiombe.

Kama ni la muktadha kweli, tazama roboti. Inaitwa Mediapartners-Google, na ikizuiwa kwenye robots.txt, faili linaloelekeza roboti pa kupita, haiwezi kusoma makala. Iruhusu hivi:

`User-agent: Mediapartners-Google`
`Disallow:`

Acha wazi baada ya nukta mbili. Ukiweka mkwaju (/) pale umefunga tovuti nzima. Kurasa za kuingia kwa nywila nazo hazisomeki mpaka uipe roboti ruhusa kwenye akaunti. Ukurasa mpya kabisa unaweza kupata matangazo ya kubahatisha mpaka roboti ipite.

Halafu kuna maneno yenyewe. "Paa" ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitenzi. Makala fupi yenye picha nyingi inayomtaja paa bila pori, pembe wala swala inaweza kabisa kuletewa mabati. Dawa yake ni kichwa kinachotaja jambo waziwazi na aya ya kwanza yenye maneno ya jamii moja.

Fundi Kurasa
Upande wa kuweka: ads.txt, faili linalotaja walioruhusiwa kuuza nafasi zako za matangazo, ikae kwenye mzizi wa tovuti, si ndani ya folda, na iwe maandishi matupu. Mstari wa AdSense ni `google.com, pub-` ukifuatwa na namba yako, kisha `DIRECT, f08c47fec0942fa0`. Kosa la kawaida ni kunakili namba ya mtu mwingine kutoka kwenye mfano.

Tengea tangazo nafasi kabla halijafika: kwa la 300 kwa 250 weka `min-height:250px`. Bila hivyo maandishi yanasukumwa chini msomaji akiwa katikati ya sentensi, na kipimo cha CLS, cha ukurasa kuyumba unapofunguka, kinaweza kupita 0.1, ambacho ndicho kikomo cha kiwango kizuri. Kwenye simu, matangazo yasizidi asilimia 30 ya urefu wa makala. Usiliweke tangazo jirani na kitufe cha "pakua": mibofyo ya bahati mbaya huondolewa kwenye malipo, na ikizidi akaunti inaweza kufungwa.

Pima kwa mapato ya kurasa 1,000: gawa mapato kwa kurasa zilizofunguliwa, zidisha kwa 1,000. Badilisha kitu kimoja tu, subiri wiki mbili, ndipo ulinganishe.

Karani
Shukrani wakuu. Je, kuongeza maneno yenye dau kubwa kwenye makala iliyopo kunasaidia?

Mzee wa Seva
Hapana, mkuu. Mfumo huangalia ukurasa mzima, na neno "bima" lililochomekwa kwenye makala ya cherehani halibadilishi mada yake. Hata likileta tangazo la bima, aliyekuja kutafuta sindano hatalibofya, na nafasi ambayo muuza sindano angeilipia itakuwa imepotea.