Nimemaliza tamthilia ya 24 hadi msimu wa 8: nimuage Jack hapa au niendelee na ule wa London?

Wakuu, habari zenu.

Jana usiku nimemaliza msimu wa 8 wa 24, ile tamthilia ya Kimarekani ya wakala Jack Bauer. Episodi 192, sijaruka hata moja, na leo tangu asubuhi nina uzito kama niliyetoka kumsindikiza ndugu wa safari ya mbali.

Kilichoniliza ni zile dakika za mwisho. Jack yupo New York, kajeruhiwa, anainua uso juu maana anajua Chloe, mwenzake wa kazini, anamwona kupitia kamera ya droni. Anamshukuru. Anakiri kwamba siku Chloe alipofika CTU, kitengo chao cha kupambana na ugaidi, hakuwaza kuwa yeye ndiye angekuja kumlinda miaka yote hiyo. Chloe machozi yanamlenga, anaagiza picha ikatwe. Halafu ile saa ya kwenye skrini, iliyokuwa ikienda mbele tangu 2001, inarudi nyuma: tatu, mbili, moja, sifuri. Nilibaki na rimoti mkononi.

Sasa kuna ule msimu wa London wa 2014, episodi 12. Ninao, naogopa kuufungua. Mliouona, mnanishauri nini?

Msafiri_wa_Usiku: Pole sana mkuu. Mimi niliunganisha siku hiyohiyo nikajuta. Si mbaya hata kidogo, Kiefer Sutherland anayecheza Jack yuko vilevile. Ila kwangu yale maagano yalikuwa yametimia, na nilipoona steringi karudi mbio tena, machozi yangu ya msimu wa 8 niliyaona ya bure. Ishia hapo.

BintiWaSaa: Mimi napinga. Ukiishia hapo umemwacha Jack mkimbizi, Marekani na Urusi wote wanamsaka. Roho itatulia vipi? Na Chloe wa London utamwona kabadilika mpaka macho, wanja mzito, uchungu umemjaa. Utazame, ila pumzika kwanza. Halafu episodi ya mwisho saa inaruka mbele, usidhani nakala yako ni mbovu.

Kimya_Kirefu: Kabla ya London rudi mwisho wa msimu wa 1, Jack kampakata mkewe Teri aliyeuawa, saa inahesabu bila mlio. Tangu siku ile, saa ikinyamaza tulijua tumefiwa. Ya Edgar, mwenzake Chloe pale CTU, msimu wa 5 ndiyo sitaisahau: gesi imejaa, kasimama upande wa pili wa kioo, anamwona Chloe, anaita jina lake, anaanguka. Nilizima nikatoka nje. Ukishajua mwisho wa wote, zile saa za kimya zinakupa nafasi ya kuwaaga mmojammoja.

Mleta uzi: Asanteni sana, wote mmenigusa. Nimeamua London naiweka mpaka mdogo wangu anifikie, tuitazame pamoja. BintiWaSaa, la wanja sikulijua, sasa nina hamu.

Yeye ndiyo kwanza yuko msimu wa 5. Jioni hii kaniuliza gesi imeingia, mbona Edgar hayupo na wenzake. Sijamjibu.